Makali Mawili

Mara ya kwanza nilipompelekea Ogada viatu vyangu
pale Kibuye, nyuma ya wauza sufuria,
alishuka kwenye baiskeli yake ya kunolea,
akavigeuza, akanusa ngozi, akauliza:
"Hivi ni vya kuchinjia nini?"
Nikamwambia ni vya dansi.
Alicheka mpaka muuza ndoo akaja kuuliza kuna nini.

Nikamwonyesha kwa ukucha:
katikati ya chuma pana mfereji mwembamba,
huku makali ya ndani, huku makali ya nje,
na mchezaji hasimami katikati hata siku moja,
huegemea huku au kule, akichora upinde.
"Ukiusawazisha mfereji huo, Ogada, umenimaliza."
Alinoa nusu saa, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.
Hakunitoza kitu.
"Kesho lete na vya mwenzako."

Mwenzangu alikuwa Mukhwana, fundi wa majokofu
katika kiwanda cha minofu ya mbuta.
Tulianzia kwenye magurudumu, Jumapili,
katika maegesho ya benki iliyofungwa,
na rumba haikutusumbua, sisi ni watu wa Kisumu.
Barafu ndiyo iliyotuumbua.
Ijumaa usiku basi la Nairobi, Jumamosi alfajiri dakika tisini
kwenye kiwanja kidogo kama sebule ya tajiri,
Jumapili kurudi, magoti ya zambarau,
Jumatatu yeye kwa majokofu yake, mimi kwa minofu.

Kanuni zetu zilikuwa za ajabu.
Hakuna kurukaruka.
Mwanamume asimwinue mwenzake kupita kichwa chake.
Msiachane zaidi ya urefu wa mikono miwili.
Hiyo ya mwisho mama aliipenda mno,
akasema hata ndoa yake haikuwahi kuandikwa vizuri hivyo.

Ni yeye aliyenishonea gauni.
Vimetameta elfu mbili, kimoja kimoja, kwa taa ya simu,
huku akinung'unika: magamba haya!
Miaka thelathini nayaparua kwenye ngege,
leo nayarudisha.

Mara tatu tulitoka nje ya nchi.
Mara ya kwanza tulishika mkia.
Ya pili pia, ila waamuzi walitabasamu.
Ya tatu, katika mji ambao jina lake
hadi leo nalitamka kama mtu mwenye ugali mdomoni,
tulikuwa wa kumi na tisa kati ya jozi ishirini na mbili.
Jozi tatu chini yetu! Sikumbuki sura zao,
ila nimewaombea dua zaidi ya ndugu zangu.

Hakuna aliyetupokea uwanja wa ndege.
Lakini Ogada, kwenye ubao wake wa bei,
chini ya *kisu 20*, chini ya *panga 50*,
aliandika kwa chaki: *19*.
Wateja wakamsumbua mwezi mzima,
ni kipi hicho kinachonolewa kwa shilingi kumi na tisa?

Kisha Mukhwana akapata kazi Doha.
Mikono miwili, kanuni ilisema.
Nilifungua ramani kwenye simu, nikapima kwa vidole,
nikaifunga.
Baada ya mwaka alinitumia picha:
duka kubwa, jangwa limebaki nje ya kioo,
ndani watoto wameng'ang'ania ukuta wa kiwanja cha barafu.
Hakuandika neno.
Sikujibu. Nilijibu. Nikafuta.

Sasa nina miaka thelathini na minne.
Nasimama saa nane kwa gambuti
kwenye sakafu iliyolowa barafu ya samaki,
na msimamizi hunikemea: "Apondi, simama wima!"
maana mguu wa kushoto, bila ruhusa yangu,
huegemea ukingo wa nje.

Juzi nilimpelekea Ogada kisu changu cha minofu.
Amezeeka, macho yana ukungu.
Alikipokea, akakipitisha ukucha taratibu,
akatafuta mfereji.
Akatafuta tena.
Nikamwambia, noa tu.